Mchicha wa kilimo hai elfu mbili, wa beseni mia tano: nalipia nini hasa?

MamaMapacha (Segerea, Dar)

Habari za jioni wapendwa. Nina swali, naomba wenye uzoefu wanijibu bila kunicheka sana.

Nina mapacha, juzi wametimiza miezi saba. Wameanza kula: uji, viazi vya kuponda, mboga za majani kidogo kidogo. Mtaani kwetu mama mboga anapita saa mbili asubuhi na beseni kichwani, fungu la mchicha mia tano, matembele mia tano, ukichukua mafungu matatu anakuongezea kinyanya kilichobonyea. Nanunua kwake tangu nimeolewa. Jumamosi iliyopita wifi yangu akanipitia na gari, tukaenda duka moja kule Masaki. Mchicha ni ule ule, ila umefungwa kwa kamba ya mgomba na una kibandiko cha "kilimo hai". Fungu elfu mbili. Nikauliza kwa nini, wifi akajibu kabla ya muuzaji: "Kwa sababu huu hauna sumu. Wewe endelea kuwalisha wanangu madawa ya beseni." Wanangu, eti. Nikanunua kwa aibu.

Nyumbani nikaupika wote, sufuria mbili, kitunguu kile kile, mafuta yale yale. Baba watoto nikampa bila kumwambia upi ni upi. Akasema wa kulia una mchanga. Wa kulia ndio wa elfu mbili.

Sasa nisaidieni. Huo mchicha wa bei una vitamini zaidi, au ni mchicha tu? Ni kweli haujapulizwa dawa kabisa, na nani anakwenda huko shambani kuhakikisha? Maana kibandiko hata mimi nachapisha pale steshenari ya mtaani. Na je, nimwache mama mboga wangu? Mimi si tajiri. Mboga na viungo vyake nimevipangia elfu tatu kwa siku.

Kiroboto

Dada, mimi niliwahi kununua trei ya mayai ya kienyeji kwa bei ya kienyeji. Nikayachemsha. Maji yakageuka rangi ya chai, mayai yakabaki meupe kama ya kisasa. Tangu siku hiyo nikiona neno lolote la kupandisha bei naikumbuka ile sufuria. Nimekaa hapa nasubiri wakulima waje.

TengaKumi (Ilula, Iringa)

Mama mapacha, hongera na pole kwa pamoja. Mimi nalima nyanya hapa Ilula. Ukipita na basi la kwenda Iringa, sisi ndio tunaokuinulia ndoo dirishani. Kabla ya kulima niliuza duka la pembejeo miaka mitatu. Kwa hiyo dawa nimeiuza, nimeipuliza na nimeila. Nitakwambia ninachokijua.

Kwanza tuiondoe ile picha ya wifi kwamba huku tunamwaga sumu kwa roho mbaya. Nyanya ni zao la deni. Eka moja unaingiza miche, mbolea, vibarua, miti ya kusimikia, na wengi wetu hizo fedha tumekopa. Masika ukungu unashuka mlimani alfajiri, saa nne jua, jioni mvua. Hapo ndipo bakajani, ugonjwa wa kuunguza majani, inapoingia. Ukiiona kwenye jani moja Jumatatu, Ijumaa shamba limeungua kama limemwagiwa maji ya moto. Ndiyo maana unapuliza kabla hujaiona. Kiangazi bakajani ikipumzika, anakuja kanitangaze. Huyu mdudu kwao ni Amerika ya Kusini, akapitia Ulaya na Afrika Kaskazini, huku kwetu tukaanza kumwona karibu mwaka 2014. Kiwavi chake kinaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi mbili, na ndani ya tunda lenyewe, kwa hiyo dawa ya juu juu haimgusi. Msimu wake wa kwanza watu walipuliza mara mbili kwa wiki na nyanya zikaoza vile vile. Jina lake sisi tunalielewa hivi: anakutangaza kijiji kizima kwamba umefilisika.

Sasa kipimo. Kibandiko kinasema gramu kadhaa kwa lita kadhaa. Nani ana mizani shambani? Tunapima kwa kasha la kiberiti na kifuniko cha soda. Bomba la mgongoni la huyu ni lita 16, la yule ni lita 20, kifuniko ni kile kile. Nilipokuwa dukani mteja hakuwa anataja jina la dawa. Anasema "nipe ile kali". Nampa, namwongezea na ya pili, na busta (mbolea ya maji ya kupuliza kwenye majani) juu yake, anakwenda kuzichanganya zote bomba moja ili asizunguke shamba mara tatu. Lile povu linalotoka sijawahi kuliona limeandikwa kwenye kibandiko chochote.

Lakini unachotakiwa kukijua wewe mlaji ni siku. Kila dawa imeandikiwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Nyingine siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne. Ndani ya siku hizo dawa inavunjika, inashuka mpaka kiwango kinachokubalika. Mkulima akizisubiri, nyanya yake ya kawaida mpe mtoto. Asipozisubiri, unakula bomba.

Na kinachoamua asubiri au asisubiri ni simu ya dalali. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, na sijivunii. Msimu mmoja nilipuliza Jumatatu asubuhi, dawa ya siku saba. Jumanne saa tatu usiku dalali akapiga: "Gari linapakia kesho, tenga elfu arobaini na tano." Wiki iliyotangulia tenga lilikuwa elfu kumi na nane. Nikakaa nje na mke wangu tukahesabu: deni la duka, ada ya mtoto, bati la jiko. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa shambani na tochi. Nyanya zilikuwa bado zina lile vumbi jeupe la dawa ya ukungu, tukawa tunazifuta na gunia kabla ya kuzipanga kwenye tenga. Zikaenda Dar. Huenda zilifika kwenye beseni la mama mboga wako. Huenda zilifika duka lile lile la Masaki, rafu ya upande wa pili, isiyo na kibandiko. Nyanya haina anwani.

Na wifi hajui hili: nyuma ya nyumba yetu, karibu na bafu, pana matuta mawili ya nyanya ambayo hayapulizwi. Mke wangu ndiye aliyeyaanzisha tulipopata mtoto wa kwanza. Hakuniambia sababu na mimi sikumuuliza. Nusu inaliwa na wadudu, zinazobaki zina makovu, nyingine zimepasuka. Ndizo tunazokula. Karibu majirani zangu wote wana matuta kama hayo, na hakuna anayeyazungumzia.

Halafu umia na mwingine kabla ya mapacha wako: yule kijana anayepuliza. Analipwa kwa bomba. Glavu hana, barakoa yake ni kipande cha kanga, na mdomo wa bomba ukiziba anauzibua kwa kuupuliza kwa mdomo wake. Wewe unaogopa mabaki. Yeye anavuta yenyewe. Mimi nilianguka shambani mwaka 2017, saa sita mchana: macho yanatoka machozi, mate hayakatiki, mikono inatetemeka. Zahanati wakanitibu malaria. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini asubuhi ile.

Tangu hapo napima kwa mizani, nasubiri siku, na nimepunguza kutoka eka mbili hadi moja. Kilimo hai sijaingia. Kwa nini, nitaeleza umeme ukirudi, simu inazima.

LisheKwanza

Nafanya kazi ya lishe ya watoto, nijibu la vitamini.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho vingi zaidi kwa mlaji. Walichokiona ni mabaki ya viuatilifu: yalionekana kwenye asilimia 7 ya sampuli za kilimo hai, na asilimia 38 za kawaida. Angalia vizuri: saba, si sifuri. Na 38 maana yake nyingi za kawaida hazikuonekana na kitu. Mwaka 2014 wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipitia tafiti 343, wao wakasema mazao ya kilimo hai yana viondoa-sumu (antioksidanti) vingi zaidi na kadmiamu, metali yenye sumu, kidogo zaidi. Wanasayansi bado wanavutana. Kwenye sufuria yako tofauti kubwa zaidi ni hii: mchicha uliochumwa alfajiri na kupikwa mchana unaushinda mchicha uliolala siku tatu kwenye friji ya duka, hata kama ule wa duka ulilelewa na malaika.

Ila mama, kama hofu yako ni sumu, mimi ningeanza na unga wa uji. Umeweka karanga? Mahindi yametoka wapi? Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, kwa mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe majumbani. Hakuna aliyeyapulizia. Ni ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Karanga iliyosinyaa, yenye doa au ladha chungu, itupe moja moja kabla ya kusaga. Usinunue unga wa lishe uliochanganywa vitu kumi ambao hujaona hata kimoja. Hilo halina kibandiko Masaki wala kwenye beseni.

La pili ni maji. Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Walikuta madini ya risasi na kadmiamu ndani yake. Mchicha wa pale unaweza usipulizwe hata tone, ukawekewa samadi safi, na bado risasi ikapandia kwenye mizizi, na risasi huwezi kuiosha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama mboga wako ni "unamwagiliwa maji ya wapi?"

Na ili wenzetu wa kilimo hai wasijisahau: mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria waliokuwa kwenye chipukizi za uwatu, na chipukizi hizo zilitoka shamba la kilimo hai. Mbegu ndizo zilizoshukiwa, si kemikali.

Mnewala

Niingilie na langu. Huku Newala tunapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kijiji kizima kinageuka njano, mbuzi wanapiga chafya. Juzi bwana shamba akaniambia salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai. Nikamwambia ananitania. Nielewesheni.

MamaWaMgeta (Morogoro)

Marahaba kwa wote watakaoniamkia. Mimi nalima kilimo hai huku Mgeta, milima ya Uluguru, mwaka wa kumi na moja sasa. Karoti, kabichi, majani, stroberi kidogo.

Mnewala mwanangu, hakutanii. Kilimo hai hakisemi "usipulize". Kinasema usitumie kilichotengenezwa kiwandani kwa kemia: yuria, viuatilifu vya viwandani, magugu huui kwa dawa. Salfa ni madini, imo kwenye orodha ya vinavyokubalika. Kwa hiyo wifi wa mama mapacha akisema "haujapulizwa" anasema lake. Mimi napuliza. Napuliza mwarobaini, pilipili kichaa na kitunguu saumu vilivyolala usiku kucha, maji ya majivu na sabuni kidogo. Tofauti ni kwamba naweza kupuliza asubuhi na mjukuu wangu akachuma mchana.

Mama mapacha, umeuliza nani anahakikisha. Afrika Mashariki tuna kiwango kimoja cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Kama kibandiko chako kimeandikwa tu "hai" na ua limechorwa pembeni, hicho kweli ni cha steshenari. Uliza alama. Wa kuuza nje, kama pamba ya Meatu, kakao ya Kyela au viungo vya Zanzibar, wanakuja wakaguzi wa kampuni, wanalipwa fedha ambazo mimi nikizitoa nimekufa njaa. Sisi wadogo wa soko la ndani tunakaguana kwa kikundi. Unalicheka? Nililicheka na mimi. Sasa sikia. Mwaka wa tatu wangu walikuja wanakikundi watano, wakapita shambani wakaridhika, tukanywa chai. Wakati wa kuaga mmoja akaomba kwenda kuchukua jembe stoo. Akakuta mfuko wa yuria, nusu. Wa mume wangu, wa mahindi ya shamba la bondeni ambalo halimo kwenye kilimo hai. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Walinisimamisha msimu mzima, karoti zangu nikaziuza kwa bei ya wote. Mkaguzi wa mjini asingekwenda stoo. Jirani anajua unakoficha vitu.

Ile elfu mbili haifiki kwangu. Mimi napata mia sita, nikibahatika mia saba. Bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka Morogoro mjini, gari jingine mpaka Dar, friji, kodi ya Masaki. Na ukiona fungu langu ni dogo ujue na shamba limetoa kidogo. Mwaka 2019 viwavi vililala kwenye kabichi zangu, mwarobaini nikapuliza mpaka mikono ikanuka wiki nzima, nikavuna kama robo. Jirani yangu wa kawaida alipuliza mara moja, akavuna gari.

Sikufundishwa haya na bibi yangu, watu wanadhani kilimo hai ni kurudi zamani. Nilikwenda mafunzo ya SAT, shirika linalofundisha kilimo hai, pale Vianzi, ndiko nilikojifunza kupika mboji na kupanga mazao yabadilishane. Bibi yangu alikuwa anachoma moto mlima mzima kisha anapanda. Wa kienyeji huyo, si wa hai.

Mchanga uliomkuta baba watoto, naomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Mchicha wa kung'oa na mizizi unasuuzwa mara tatu, maji unabadilisha, na unauinua kutoka kwenye maji badala ya kuumwagia maji juu yake.

TengaKumi (Ilula, Iringa)

Umeme umerudi. Mama wa Mgeta, shikamoo. Stoo hiyo imenikumbusha mbali.

Nilisema nitaeleza kwa nini sijaingia. Kwanza, kwa dalali tenga ni tenga. Nikipeleka nyanya zangu ambazo nimezisubiri siku saba, zinapangwa juu ya za mtu aliyepuliza jana, bei moja. Hapa hakuna anayeninunulia subira. Ningekuwa karibu na duka la Masaki ningefikiri upya. Pili, mpito. Ulaya wanataka shamba la mazao ya msimu likae miaka miwili likifuata masharti kabla hujaruhusiwa kupanda zao la kuliita hai, na miaka hiyo unavuna kidogo huku unauza kwa bei ya kawaida. Nani atanilishia watoto hiyo miwili? Tatu, bakajani. Kwa wadudu kuna ujanja mwingi wa asili, lakini kwa bakajani ya masika wenzetu wa kilimo hai wanategemea dawa za shaba, na shaba ikiingia ardhini haitoki.

Tusidanganyane pia kwamba cha asili hakidhuru. Utupa ni mti wetu, babu zangu waliutwanga wakauweka mtoni samaki wakaelea. Pareto inalimwa jirani zangu hapa Mufindi. Ni ua, ukilisaga linaua mbu na kunguni. Uzuri wake ni kwamba jua linalivunja upesi, hilo nalikubali. Lakini linaua kwa sababu ni sumu.

Na wale wanaotaka serikali ipige marufuku mbolea za viwandani kesho asubuhi, wakaulize Sri Lanka. Walifanya hivyo mwaka 2021, ghafla, kabla ya mwezi wa kumi na mbili wameshafuta. Mpunga na chai vilianguka.

Ila sitetei upande wangu. Mankozebu, lile vumbi jeupe nililolifuta na gunia, Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda mwishoni mwa 2020 kwa sababu ya madhara kwa uzazi na homoni. Hapa naendelea kuinunua rafu ya mbele.

Sasa mama mapacha, ungekuwa dada yangu ningekwambia hivi. Nyanya ya mtoto menya: itie maji ya moto dakika moja, ganda linatoka lenyewe. Dawa ya juu juu inaondoka nalo. Iliyopenya ndani haiondoki kwa chumvi wala siki, asikudanganye mtu. Marekani walijaribu matofaa kwenye maji yenye bekingi soda, kijiko cha chai kwa nusu lita, karibu robo saa, yakasafika juu vizuri zaidi kuliko kwa maji matupu, lakini iliyokwisha kuingia ndani ilibaki. Nyanya na hoho za masika ndizo zinazopulizwa sana, punguza kwa watoto. Matembele, kisamvu, mlenda, majani ya maboga hayana wadudu wengi wa kuyapulizia, huko fedha yako isihangaike. Ndizi unamenya, boga unamenya, viazi unamenya. Ukiwa na hela ya kilimo hai ya kitu kimoja tu, itie kwenye nyanya na sukuma wiki, mchicha unaota wenyewe wiki tatu, mkulima hana hata muda wa kuupulizia.

Hapo kwenye mchicha nimetia chumvi kidogo. Wapo wanaoupulizia, hasa mjini majani yakianza kutobolewa, maana ninyi watu wa Dar mkiona tundu kwenye jani hamnunui.

Kiroboto

Kweli. Mimi mwenyewe narudisha lenye tundu.

MamaMapacha (Segerea, Dar)

Wapendwa asanteni, nimesoma yote mara mbili, jana usiku nikamsomea na baba watoto kile kipande cha matuta ya nyuma ya bafu. Akanyamaza muda mrefu.

Leo asubuhi mama mboga alipopita nikamkaribisha kibarazani, nikampa chai, nikamuuliza. Mwanzo alidhani nataka kumpunguzia bei. Matembele anayatoa kwake mwenyewe Kinyerezi, anamwagilia maji ya kisima. Nyanya za Ilala sokoni, hajui zaidi ya hapo. Mchicha akasita. Halafu akasema, "Wa bondeni, mama. Wa mtoni." Nikamuuliza mto gani, akautaja. Akaniambia na yeye wajukuu zake hawapi huo, anawapa matembele. Sikumlaumu, nimekumbuka tenga la elfu arobaini na tano.

Tumekubaliana ataniletea matembele na majani ya maboga kila siku, mafungu matatu, mchicha asiniwekee. Bei ile ile. Nyanya nitachukua kidogo za Masaki kwa ajili ya watoto tu, na nimeshamwambia wifi kwamba sasa namtafutia alama ya Kilimohai kwenye kila kibandiko. Alikwenda kuangalia kwenye friji lake akakuta kimoja hakina. Hajanipigia tangu saa tano.

Karanga nilizozisaga wiki iliyopita nimezimwaga zote. Roho imeniuma.

Swali la mwisho: nina viroba vinne vya saruji na kona inayopata jua mpaka saa nane. Mchicha wangu mwenyewe unawezekana? Na samadi niitoe wapi, jirani ana mbuzi.

MamaWaMgeta (Morogoro)

Unawezekana mwanangu. Viroba vya saruji vikung'ute sana na uvioshe, au tafuta vya unga. Toboa chini matundu sita. Samadi ya jirani usiitie mbichi, ikiwa na joto itaunguza miche na ina wadudu wa tumboni. Iloweshe kidogo, ifunike kivulini miezi mitatu, ukiishika iwe kama udongo wa msituni na isinuke. Usipotaka kungoja, chukua ya chini kabisa ya zizi, ile ya mwaka jana.

TengaKumi (Ilula, Iringa)

Na jani likitobolewa, ulile.